Ilichimbwa na Nani? Uhakiki wa Maelezo ya Urithi wa Al Ain

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili cha utalii akiombwa aeleze kivutio, mara nyingi huanza na mahali kilipo, kisha ukubwa wake, kisha mwaka kilipojengwa. Swali la nani alikijenga huachwa lipite. Si kosa la mwanafunzi peke yake, kwani vitabu vya watalii na mabango anayojifunzia huandikwa vivyo hivyo. Makala haya yanakusudia kuhakiki mtindo huo kwa kutumia mfano mmoja: Al Ain, mji wa jangwani katika Falme za Kiarabu, ulio mpakani na Omani. Mji huu uko mbali nasi kwa masafa, ila kwa historia hauko mbali, kama nitakavyojaribu kuonyesha.

Hoja yangu kuu ni ya kisarufi. Kiswahili kinatofautisha waziwazi kutenda, kutendwa na kutendesha. Mtu aliyejenga si sawa na mtu aliyejengesha. Maelezo ya urithi wa Al Ain, kama yalivyo maelezo ya urithi wa miji mingine mingi, huchanganya kauli hizo tatu, na katika mchanganyiko huo watu hupotea.

Mji wenyewe

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Al Ain ina hazina ambayo miji michache ya jangwani inayo. Mwaka 2011 maeneo yake ya Hafit, Hili, Bidaa Bint Saud na oasisi sita yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, yakiwa ya kwanza kutoka nchi hiyo. Chini ya Jebel Hafit, jabali lenye kimo cha zaidi ya mita 1,200, yapo makaburi ya mawe yenye umbo la mzinga wa nyuki ambayo umri wake unakaribia miaka 5,000. Katika bustani ya Hili lipo kaburi kubwa la mviringo la takriban mwaka 2000 K.K. Juu ya mlango wake mchongaji alichora watu wawili walioshikana mikono, na kila upande wao akamweka choroa. Hapohapo Hili, wanaakiolojia walikuta mfereji wa falaj wa Enzi ya Chuma, wenye umri wa miaka 3,000 hivi.

Falaj ni njia ya kuyaleta maji kutoka chini ya ardhi hadi mashambani bila mashine yoyote. Wachimbaji hutafuta maji penye mwinuko, kisha huchimba njia chini kwa chini yenye mteremko mdogo mno, na kila baada ya masafa fulani hutoboa shimo la wima la kupitishia hewa na kutolea mchanga. Mteremko ukizidi, maji hukata kingo, ukipungua, husimama. Yakifika bustanini hugawanywa kwa zamu za muda, na katika vijiji vya Omani msimamizi wa falaj huitwa wakili, neno ambalo msomaji wetu hahitaji kutafsiriwa.

Kuna pia majengo ya udongo. Ngome ya Al Jahili ni ya miaka ya 1890, zama za Sheikh Zayed bin Khalifa, ambaye huitwa Zayed wa Kwanza. Mjukuu wake, Sheikh Zayed bin Sultan, alikuwa mwakilishi wa mtawala katika eneo hili tangu 1946 hadi alipokuwa mtawala wa Abu Dhabi mwaka 1966. Kasri alimokaa sasa ni makumbusho. Makumbusho ya Taifa ya Al Ain yalifunguliwa mwaka 1971, mwaka uleule shirikisho la nchi hiyo lilipoundwa. Kwa ufupi, hapa pana mengi ya kusomwa na hifadhi yake inastahili sifa.

Kasoro ya kwanza: urithi unaokomea kwenye uzio

Mtu akitazama picha ya Al Ain iliyopigwa kutoka angani ataona mji mmoja mkubwa. Ukweli ni kwamba ni miji miwili. Upande wa pili wa uzio uko Buraimi, ambao ni wa Omani. Zamani oasisi hii yote ilihesabiwa kuwa vijiji tisa: sita vilikuwa chini ya Abu Dhabi, na vitatu, yaani Buraimi, Hamasa na Sa'ara, vilikuwa chini ya Sultani wa Muscat. Mwaka 1952 kikosi cha Saudia kilikalia Hamasa kwa madai kwamba eneo lote ni la nchi hiyo. Usuluhishi uliofanyika Geneva ulivunjika mwaka 1955, na mwezi Oktoba wa mwaka huo askari walioongozwa na maofisa wa Kiingereza waliwaondoa Wasaudia kwa nguvu. Hata baada ya hapo, wakazi waliendelea kwenda na kurudi kati ya pande mbili kama watu wa mtaa mmoja, mpaka katikati ya muongo wa 2000 uzio na vituo vya ukaguzi vilipowatenganisha.

Sasa tazama orodha. Urithi uliosajiliwa mwaka 2011 unaishia kwenye uzio huo. Bustani na ngome za Buraimi, kama vile ngome ya Al Khandaq, hazimo. Kwa upande wake, Omani ilisajili mifereji yake mitano ya falaj mwaka 2006, yote ikiwa mbali na Buraimi. Tena mwaka 1988 ilikuwa imekwisha kusajili makaburi ya Bat, Al-Khutm na Al-Ayn, ambayo yana ujamaa wa karibu na yale ya Jebel Hafit. Msomaji asipokuwa mwangalifu atadhani Al-Ayn ya Omani na Al Ain ya Falme za Kiarabu ni mahali pamoja, maana jina ni lilelile lenye maana ya chemchemi.

Waliozika wafu wao miaka 5,000 iliyopita hawakujua mpaka huu. Naelewa kwamba usajili hufanywa na dola, na dola husajili kilicho ndani ya mipaka yake. Lakini mwandishi wa maelezo si afisa wa mpaka. Hakuna kinachomzuia kuandika sentensi moja kwamba oasisi hii inaendelea ng'ambo ya uzio. Asipoiandika, mgeni anarudi kwao akiamini kwamba ameona kitu kizima, kumbe ameona sehemu yake.

Kasoro ya pili: kauli isiyo na mtenda

Maelezo mafupi ya UNESCO kuhusu Al Ain yanataja makaburi, visima, minara, makasri na mifereji. Yanazungumzia makazi ya binadamu jangwani tangu enzi ya mawe na jinsi tamaduni zilivyotoka katika uwindaji hadi ukaaji wa kudumu. Ni maelezo sahihi. Hata hivyo, ukitafuta ndani yake mtu anayefanya kazi humpati. Kuna tamaduni, kuna mabaki, kuna mfumo wa umwagiliaji. Hakuna mchimbaji, mfyatua tofali wala mkwea mtende. Inashangaza kidogo kwamba mchongaji wa Hili, miaka 4,000 iliyopita, aliweka watu katikati ya picha yake, nasi tunaomweleza leo tunawaondoa.

Tuchukue sentensi ya kawaida: "Ngome ya Al Jahili ilijengwa katika miaka ya 1890." Hii ni kauli ya kutendwa, na mtenda amefichwa. Mwongozaji mwingine atasema: "Sheikh Zayed wa Kwanza alijenga ngome ya Al Jahili." Hapa mtenda ametajwa, lakini siye. Sheikh hakukanyaga udongo wala hakupanga matofali. Kiswahili kinatupa kitenzi kinachofaa: aliijengesha. Herufi chache tu zimeongezwa, na tayari msikilizaji anajua kwamba pana watu wengine ambao hawajatajwa, naye ana haki ya kuuliza ni akina nani.

Swali hili linatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watu wengi waliotekwa upande wetu walivushwa bahari na kutumikishwa katika mashamba ya mitende na uzamiaji wa lulu huko Ghuba. Mwanahistoria Matthew Hopper alilichunguza jambo hili katika kitabu chake cha 2015, Slaves of One Master, akionyesha jinsi soko la dunia la tende na lulu lilivyoongeza haja ya watumwa. Kuhusu oasisi yetu hii, msafiri Wilfred Thesiger, ambaye maonyesho ya picha zake yamewekwa ndani ya ngome ya Al Jahili, aliandika katika Arabian Sands (1959) juu ya biashara ya watumwa aliyoikuta Buraimi miaka ya 1940. Katika Omani utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1970. Kuna watu walio hai leo waliozaliwa kabla ya mwaka huo.

Sisemi kwamba kila mtende wa Al Ain ulimwagiliwa na mtumwa, wala kwamba falaj ya Hili ilichimbwa na Waafrika. Mfereji huo ni mkongwe kuliko biashara hiyo kwa mbali sana. Wala sisemi kwamba historia ya uhusiano wetu na Omani ni ya utumwa tu. Wapo watu wenye asili ya Omani walioondoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 na hadi leo wanazungumza Kiswahili majumbani mwao huko Muscat na kwingineko Ghuba. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayejua haya, kisha akaandika kuhusu mitende bila mkulima, amechagua kunyamaza.

Hoja ya upande wa pili

Msomaji anaweza kupinga: wachimbaji wa kale hawajulikani majina, basi kauli ya kutendwa ndiyo ya kweli. Nakubali kwa sehemu. Kuhusu Enzi ya Chuma, "ulichimbwa" ni neno la uaminifu. Lakini asiyejulikana na asiyetajwa si mtu mmoja. Kadiri tunavyokaribia zama zetu, udhuru wa kutojua unapungua. Na tukifika leo unakwisha kabisa, kwa kuwa wanaopanda mitende hiyo na kusafisha mifereji kwa sehemu kubwa ni wafanyakazi kutoka Asia ya Kusini, watu ambao mtalii anawapita njiani.

Isitoshe, yapo maeneo yaliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Mjini Doha, nchini Qatar, Nyumba ya Bin Jelmood ilifunguliwa mwaka 2015 kuwa makumbusho ya historia ya utumwa katika Bahari ya Hindi, katika nchi iliyofuta utumwa mwaka 1952. Hapa kwetu Uganda, makaburi ya Kasubi, yaliyosajiliwa mwaka 2001, yaliyoungua mwaka 2010 na kutolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, hayaelezwi bila kutaja kwamba kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye. Mgeni wa Kasubi huambiwa wafalme waliolala pale, na huambiwa pia ni watu gani wanaoijua nyasi ile. Hadhi ya wafalme haijapungua kwa hilo.

Hitimisho

Kwa mwalimu wa Kiswahili, somo la Al Ain ni la darasani. Mwanafunzi anapoandika maelezo ya kivutio chochote, na avizungushie duara vitenzi vyote vya kutendwa: ilijengwa, ulichimbwa, ilipandwa, waliuzwa. Kwa kila kimoja aulize: na nani? Akijua, aandike. Akiwa mtajwa ni mtawala, apime kama kitenzi cha haki ni kutenda au kutendesha. Mwisho atazame ramani aone kama kivutio chake kimekatwa na mpaka. Nasi wenye miji kama Busia na Malaba tunajua maana ya kukatwa.

Baadhi ya wahitimu wetu watakuwa waongozaji wa watalii, na Waganda wengi sasa wanafanya kazi katika nchi za Ghuba, Falme za Kiarabu zikiwamo. Huenda siku moja mmoja wao akasimama katika bustani ya Al Ain, kando ya maji yanayopita mferejini, akawaeleza wenzake kwa Kiswahili wanachokiona. Aanze na mkulima wa mitende hiyo, kisha ndipo ataje mwaka.