Historia ya Mkosaji: Usawiri wa Dick katika Chozi la Heri

Makala haya mafupi yanachunguza namna riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), inavyomsawiri kijana anayeingizwa katika biashara ya dawa za kulevya, na kuuliza huruma ya msomaji inatoka wapi.

Dick hakujichagulia njia. Aliibwa na Sauna, mtumishi wa nyumbani kwao, kisha akauzwa kwa tajiri aliyemtumia kulangua dawa hizo. Msimulizi amekwisha kutuonyesha mama aliyeondoka, baba aliyefariki na Umu, dada anayewatafuta nduguze. Kwa hivyo, tunapomkuta Dick na mzigo haramu, tunamwona mtoto kabla ya kumwona mlanguzi. Afisa wa polisi kizuizini hana kurasa hizo; yeye huuona mzigo tu. Tofauti ya hukumu baina yake na msomaji basi si tofauti ya wema, bali ni tofauti ya usimulizi.

Hata hivyo, huruma hiyo ina masharti. Dick alilazimishwa, akaacha, akakutana na dada yake katika uwanja wa ndege, akapata wazazi wa kumlea. Wale walioziishia mitaani dawa alizozibeba hawapewi nafasi kama yake.

Suala hili si la kinadharia tu. Mnamo Februari 2019, riwaya hii ilipokuwa ikisomwa kama kitabu teule katika shule za upili, kuanzia Longonot hadi Nakuru mjini, watoto na vijana wa mitaani mjini humo walikusanywa, na askari wa kaunti wakadaiwa kuwatelekeza katika msitu wa Chemasusu, Baringo. Kisa hicho kilifika hadi katika Seneti. Jina walilozoea kuitwa ni chokoraa, yaani mwenye kuchokora jaani: neno linalomtambulisha mtu kwa taka anazopekua, wala si kwa nyumba aliyotoka. Kwa mpita njia, kama kwa askari, chupa ya gundi puani ndiyo wasifu wake wote.

Tunahitimisha kwamba Matei amefanikiwa kumrejeshea historia mkosaji asiye na hatia. Kazi inayoisubiri riwaya ya Kiswahili ni ngumu zaidi: kumpa kurasa zake yule aliyejitakia, aliyeshindwa kuacha, na asiye na dada wa kumtafuta.