Wanaosoma Magari Gerezani

Karatasi ya mnada wa magari ya Kijapani haizidi ukurasa mmoja. Upande mmoja una mchoro wa gari lililobanjuliwa kama samaki wa kuchoma: paa katikati, boneti mbele, milango imelala huku na huku. Juu ya mchoro huo mkaguzi wa mnada ameandika herufi na tarakimu ndogondogo. A ni mkwaruzo. U ni bonyeo. W ni bati lililonyooshwa na kupigwa rangi, likabaki na mawimbi. S ni kutu, na XX ni kipande kilichong'olewa kikawekwa kingine. Tarakimu inayofuata herufi ni ukubwa wa kasoro, kwa hiyo A1 unaitafuta kwa macho, A3 inakutafuta yenyewe. Kwenye kona kuna kisanduku cha alama ya jumla, 4.5 au 4 au 3.5, ama herufi R kwa gari lililoumia mifupa likatibiwa.

Karatasi hiyo inafika Kariakoo, Dar es Salaam, ikiwa imeandikwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatujui hata salamu yake. Na bado wapo mafundi na wauza spea wa mitaa ya Gerezani na Shauri Moyo wanaoishika, wanaigeuza kidogo ipate mwanga, kisha wanakwambia gari lilivyoishi. Hawana cheo kwa kazi hiyo. Mtu husema tu, "Nipeleke kwa fundi akaniangalizie gari." Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa elimu kubwa zilizoko mjini, na naona imekaa muda mrefu bila kusifiwa.

Hawakujifunza Kijapani. Walijifunza kile wanachokihitaji. Wanajua kuwa Mjapani huandika mwaka kwa enzi ya mfalme wake, hivyo ukikuta 17 ya enzi ya Heisei unajumlisha 1988 unapata 2005. Ikiwa ni enzi ya Reiwa, iliyoanza 2019, unajumlisha 2018. Wanazijua kwa sura alama mbili zinazokaa kwenye mstari wa historia ya matengenezo, moja ya "ipo" na nyingine ya "haipo". Na wanajua jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: kule Japani, gari huhesabiwa kuwa na historia hiyo pale tu mifupa yake ilipoguswa, yaani chesisi, nguzo za bodi, sakafu, paa. Bampa, fenda na boneti, vitu vinavyofungwa kwa bolti, havimo. Kwa hiyo dalali akikuonyesha neno "haipo" akakuapia kwamba gari halijawahi kugongwa, karatasi haikusema hivyo. Ilisema mifupa ni mizima. Kutofautisha kauli hizo mbili ni kazi ya msomaji.

Magari haya yanatujia kwa sababu zinazoeleweka. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia. Gari jipya kule hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na gharama za ukaguzi na matengenezo humfanya mwenye gari aliuze lingali na nguvu. Biashara ilipofunguliwa wakati wa Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, miaka ya 1980 ikielekea mwisho, mlango ukawa wazi. Kenya huzuia gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaliruhusu ila tunalitoza ushuru wa uchakavu, na ndiyo maana magari yenye umri mkubwa, yenye mengi ya kusimulia, hujazana Dar es Salaam kuliko Nairobi.

Marekani kuna kampuni iitwayo Carfax, iliyoanza mwaka 1984, inayokusanya habari za gari kwa kufuata namba yake yenye herufi na tarakimu 17. Unaingiza namba, unapewa maisha ya gari. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ya namna hiyo. Lina namba fupi ya chesisi, tuseme NCP61 na tarakimu zake, na habari zake za kwao zinaishia pale linapopandishwa melini. Likishashuka bandarini kwetu linaanza maisha ya pili, na hayo hayajaandikwa mahali pamoja. Kadi ya gari iko TRA, kwa watu wa mapato. Faini za barabarani ziko polisi. Deni la maegesho liko TARURA, kwa wakala wa barabara. Bima inathibitishwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Fundi anayeijua kazi yake, au kijana wake mwenye simu, huzipitia ofisi hizo moja moja kwa namba ya gari, kisha anaziunganisha kichwani. Taarifa kamili ya gari la Dar es Salaam haichapwi popote; inaandaliwa na mtu, akiwa amesimama juani.

Namba yenyewe inasomwa. Wauzaji hutangaza "IST namba D", "Vitz namba E", na mnunuzi mgeni hudhani herufi ile inamweleza umri wa gari. Inaeleza gari liliandikishwa lini Tanzania, basi. IST ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, inaweza kubeba namba mpya kabisa kwa kuwa imeshuka juzi. Kibao cheupe ni cha biashara, cha njano ni cha mtu binafsi. Gari lenye njano likiwa na mashimo ya skrubu yasiyo na kazi juu ya paa, fundi atauliza kwa adabu kama halikuwahi kubeba abiria. Likiwa limetokea Zanzibar, atauliza kama tofauti ya kodi imelipwa. Kwenye kadi ataangalia kama jina la mwenye gari limeandikwa peke yake au pamoja na la benki, maana hapo ndipo mkopo hujificha.

Kisha anashuka kwenye chuma, na hapa ndipo ninapowapendea watu wa Gerezani. Wao huuza vipande vya magari. Wameshafungua mamia ya milango, wamepokea pua nzima za magari zilizokatwa, taa, redieta na bampa vikiwa pamoja. Mtu wa namna hiyo akisoma NCP61 anajua chini ya boneti anatakiwa kukuta 1NZ ya lita 1.5. Akikuta 2NZ ya 1.3, ambayo ni ya NCP60, hana haja ya kumuuliza mtu: injini imebadilishwa, na swali linalobaki ni kama mabadiliko hayo yaliandikishwa kwenye kadi. Anapitisha kidole kwenye bolti za fenda kuona kama rangi imekatika mahali spana ilipouma. Anasoma maandishi madogo kwenye pembe za vioo, vyote kwa zamu, kwa sababu vioo vilivyotoka kiwandani pamoja hufanana chapa, na kile cha kigeni kina habari yake.

Niliwahi kusimama pembeni siku mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge wa Mtaa wa Kongo alipoangaliziwa gari. Dalali alikuwa ameliosha, matairi yanang'aa. "Mama, hii ni mkono wa kwanza, ya dada tu, kazini na nyumbani. Kilomita sitini na moja elfu." Fundi hakuliwasha. Alifungua mlango wa dereva, akachuchumaa, akaegemeza shavu karibu na fremu ya mlango. Pale palikuwa na stika ndogo iliyopauka, ya gereji ya Kijapani, wanayobandika baada ya kumwaga oili. Ilikuwa na tarehe, mwaka ukiwa mbele kama waandikavyo wao, 24, kisha mwezi na siku, na chini yake kilomita.

"Mama, njoo uone mwenyewe," alisema. "Ishirini na nne ya kwao ni elfu mbili kumi na mbili. Mwaka huo gari ilikuwa elfu themanini na saba. Leo dashibodi inasema sitini na moja."

Dalali akacheka. "Fundi, hiyo si stika ya zamani tu?"

"Ndiyo, ya zamani. Ndiyo maana namba yake haikutakiwa kuwa kubwa."

Hakumwita mtu mwizi. Aliinuka, akakanyaga breki akaangalia raba ya pedali, akapapasa usukani palipolainika, akamwambia mama kuwa injini anaiona nzuri na bodi haijaumia, ila bei anayotajiwa ni ya gari jingine. Mama yule alilichukua gari, kwa bei iliyoshuka sana. Ustadi wa namna hii haukuwekwa kwa ajili ya kukataa magari. Unalipa gari bei yake.

Kwa sababu hiyo mimi karatasi iliyojaa A na U hunipa amani kuliko iliyo tupu. Gari la 3.5 lenye mikwaruzo kumi iliyoandikwa, na kilomita zinazokubaliana na cheti cha kuliondolea usajili kule Japani, ni gari linalojulikana. La 4.5 ambalo karatasi yake ni picha ya simu iliyofifia, na namba ya chesisi haionekani, silijui, na karatasi za mnada zinaghushiwa kama karatasi nyingine. Hata R haitishi kwa msomaji mzuri. Ataangalia kilichoguswa ni kipi, kimeunganishwa vipi, halafu atasema.

Maji ndiyo yanayomtia hofu. Karatasi ya mnada haiwezi kujua mafuriko ya Jangwani. Gari linaweza kuondoka Japani safi kabisa, likaishi miaka miwili bondeni Msimbazi na kuzama usiku mmoja wa masika, likakaushwa na kupigwa manukato. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliufundisha mji huu hofu hiyo kwa uchungu. Nimeona fundi akiuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho kabisa, sehemu ambayo hakuna abiria anayeifikia na muosha magari haikumbuki. Mstari wa tope ulikuwa umekatiza mkanda, umenyooka, ukionyesha maji yaliishia wapi. Kisha akainua kapeti chini ya tairi la akiba, akaingiza mkono, akatoa mchanga.

Watu wanaotoa mamilioni kwa gari huona tabu kumpa fundi posho ya asubuhi moja, au humtumia yule aliyeletwa na dalali, ambaye cha juu chake kiko mfukoni kwa muuzaji. Ndugu msomaji, ukienda kununua, inakili namba ya chesisi kwa mkono wako kutoka kwenye chuma chenyewe, usiichukue kwenye kadi. Ilinganishe na kadi, na karatasi ya mnada, na cheti kilichotoka Japani. Kisha nenda Gerezani ukamtafute fundi wako mwenyewe, umlipe kabla hajaliangalia gari, ili asiwe na sababu ya kutaka ulinunue wala uliache.