Wapishi wa Mitaa ya Sudan

Vita vilipozuka Khartoum Aprili 15, 2023, mashirika mengi ya kimataifa yaliwaondoa watumishi wao. Waliobaki kulisha watu ni vijana wa mitaa yenyewe, wakaunda vikundi vinavyoitwa Vyumba vya Dharura. Nawapongeza kwa ushujaa, lakini zaidi kwa akili ya njia yao. Lori la nafaka lahitaji kibali, barabara na ridhaa ya kila mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara. Fedha zilizotumwa kwa simu hupenya mtaa uliozingirwa, na dengu au mtama uliosalia sokoni hununuliwa na kupikwa siku hiyo hiyo.

Wafadhili huuliza: nani akagua hesabu? Swali ni la haki, ila anayesimama foleni na bakuli anamjua mpishi, na sufuria ikipungua ataona kabla ya mkaguzi yeyote. Wengine wanahofia kwamba wapishi wanapendelea upande mmoja wa vita. Nawajibu kwamba wapishi hawa wamekamatwa na kuuawa na pande zote mbili. Pingamizi zito ni jingine: soko likikauka, fedha hazinunui kitu. Ndivyo ilivyokuwa kambini Zamzam, Darfur Kaskazini, ambako baa la njaa lilithibitishwa Agosti 2024. Penye hali kama hiyo malori hayana mbadala, na wapishi wenyewe hawajawahi kudai vinginevyo. Lakini Marekani iliposimamisha misaada mapema 2025, mamia ya majiko ya wapishi hawa yalifungwa hata penye masoko yenye chakula, na hilo halikuwa kosa la mpishi.