Kukariri na Kukata Shauri

Kumbukumbu ni hazina ya akili, na asiye na hazina hana cha kutumia. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, usidhani kuwa insha hii yakusudia kuitukana kumbukumbu. Mfanya biashara asiyejua kutenga faida na mtaji atakula mtaji akidhani anakula faida, na wahenga walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ninalolilaumu ni jambo jingine: desturi ya vyuo vya biashara kumtahini kijana kwa yale aliyoyakariri tu, kisha kumpa shahada kana kwamba amekwisha kuwa mwenye busara. Kasuku naye hukariri, lakini sijapata kusikia tajiri aliyemwachia kasuku funguo za duka.

Ubaya wa kukariri kutupu hauko katika majibu, bali katika maswali. Mtihani huja na swali lililokwisha kuandikwa, na kila tarakimu itakiwayo imo katika karatasi. Biashara haiji hivyo. Huonyesha nusu ya habari na kuificha nusu ya pili, na mara nyingi hasara hutoka katika swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kasoro hiyo ilitambuliwa zamani. Chuo cha biashara cha Harvard, huko Marekani, kilianzishwa mwaka 1908. Wallace Donham, aliyekuwa mkuu wake tangu mwaka 1919, alikuwa amesomea sheria, ambayo wanafunzi wake walifundishwa kwa kuchambua kesi zilizopata kuhukumiwa. Akahimiza biashara nayo ifundishwe vivyo hivyo: mwanafunzi apewe kisa cha kampuni iliyo katika shida, ajitie katika nafasi ya meneja, akate shauri, kisha alitetee mbele ya wenzake. Njia hiyo imeenea ulimwenguni. Naisifu, kwa sababu humtoa kijana katika kujibu "Ni nini?" na kumpeleka katika kujibu "Tufanye nini?"

Kimoja katika visa hivyo kilitungwa mwaka 1986 na walimu wawili, Jack Brittain na Sim Sitkin. Chahusu timu ya mashindano ya magari. Injini ya gari lao imeharibika mara 7 katika mashindano 24. Siku ya shindano jipya kuna baridi kali. Wakifanikiwa watapata fedha nyingi, na injini ikiharibika watapata hasara kubwa. Fundi mmoja aishuku baridi. Wanafunzi hupewa habari za zile siku 7 za hasara, nao huona kwamba injini iliharibika siku za baridi na siku za joto pia. Basi hushika kalamu, hupiga hesabu walizofundishwa, na mara nyingi walio wengi huamua gari lishindane. Hesabu zao hazina kosa. Ni wachache tu waulizao: "Je, siku 17 ambazo injini haikuharibika, hali ya hewa ilikuwaje?"

Sasa sikiliza asili ya kisa hicho. Tarakimu zake zilifuatisha zile za chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi walionya kwamba mipira ya kuziba viungo vya roketi huenda ikashindwa kazi yake katika baridi. Wasimamizi walitaka ushahidi, nao ukatafutwa katika safari zile tu ambazo mipira ilipata kudhurika. Kesho yake chombo kikarushwa. Baada ya sekunde 73 kikavunjika, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Tume iliyouchunguza msiba huo ilizipanga safari zote 24, njema na mbaya. Safari 4 zilifanyika chini ya digrii 65 za Farenhaiti, na zote 4 zilikuwa na kasoro. Safari 20 zilifanyika juu ya hapo, na 3 tu zilikuwa na kasoro. Asubuhi ya msiba ilikuwa kama digrii 36. Ukweli ulikuwa umelala katika siku njema, ambazo hazikutazamwa.

Walakini njia ya visa nayo ina ugonjwa wake. Kisa kikirudiwa mwaka hadi mwaka, jibu lake huvuja, na mwanafunzi hukikariri kama alivyokariri kanuni. Mwulize kwa nini gari lisishindane, atajibu upesi, "Kwa sababu ya Challenger." Mpe kisa cha benki iliyopoteza mikopo, naye atawachungulia wakopaji walioshindwa kulipa, asiulize lolote juu ya wale waliolipa. Amekumbuka kisa, amesahau somo. Huyo ni kasuku yule yule, ila amevishwa joho.

Wewe usomaye kurasa hizi, huenda kesho ukaingia chuoni, au ukasimama nyuma ya meza ya duka la mzazi wako. Kariri kanuni zako, kwani utazihitaji. Lakini kila utakapotaka kukata shauri, tua kwanza ujiulize: "Ni habari gani ambayo sikuonyeshwa?" Katika mitihani mingi swali hilo halina alama hata moja. Liulize hivyo hivyo.