Daraja Kati ya Matoleo: Namna OpenMRS Ilivyovuka Mgongano wa Maktaba za Programu

Programu kubwa ya wavuti haiandikwi yote na kundi moja la watu, kwa kuwa sehemu yake kubwa huazimwa kutoka katika maktaba, yaani mafungu ya msimbo yaliyoandikwa na wengine kwa kazi maalumu kama vile kuwasiliana na hifadhidata. Kila maktaba hutolewa kwa matoleo yenye namba, nayo hutegemea maktaba nyingine, na mgongano huzuka pale sehemu mbili za programu moja zinapodai maktaba ileile katika matoleo yasiyopatana, ilhali mfumo unaoziendesha umepakia toleo moja tu. Katika Afrika Mashariki, tukio linalostahili kuchunguzwa kwa makini ni lile la OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ukirithi uzoefu wa mfumo mdogo uliokuwa ukitumika katika kituo cha afya cha Mosoriot tangu 2001.

OpenMRS imejengwa kwa lugha ya Java na ina kiini kimoja kinachozungukwa na moduli, yaani vipande vinavyoongezwa kulingana na mahitaji ya kila hospitali au nchi. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya kiini hichohicho. Moduli huweza kubeba maktaba zake binafsi, na kila moja hupakiwa katika eneo lake, jambo linalozuia migongano mingi kabla haijatokea. Hata hivyo, zipo maktaba ambazo haziwezi kuwa za binafsi, na mojawapo ni Hibernate, inayogeuza rekodi za hifadhidata kuwa vitu vya Java, kwa sababu muamala mmoja wa kuhifadhi taarifa za mgonjwa hupita katika kiini na katika moduli kadhaa kwa pamoja. Penye maktaba ya pamoja, toleo huamuliwa na kiini, na moduli zote hulifuata.

Shinikizo la kuhamia matoleo mapya ya maktaba hizo lilitoka nje. Kampuni ya Oracle ilikoma kutoa masahihisho ya bure ya Java 7 kwa umma mwezi Aprili 2015, na toleo la 2.0 la OpenMRS, lililotoka mwaka 2016, lilidai Java 8 na kuhamia Spring 4, maktaba inayounganisha sehemu za programu, pamoja na Hibernate 4. Hapo ndipo kilipojitokeza kikwazo ambacho kwa macho ni kidogo mno. Katika Hibernate 3, fanksheni inayotoa kipindi cha mawasiliano na hifadhidata ilikuwa ikirudisha kitu cha aina iliyohifadhiwa katika fungu liitwalo org.hibernate.classic, katika Hibernate 4 fungu hilo liliondolewa, na fanksheni yenye jina lilelile ikaanza kurudisha aina nyingine. Msimbo wa moduli, bila kubadilishwa hata herufi moja, ungeweza kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa faili linaloendeshwa na mashine, bila tatizo dhidi ya matoleo yote mawili. Lakini Java, inapokompaili, huandika ndani ya faili linalotokea si jina la fanksheni pekee bali pia aina ya kitu kinachorudishwa, kwa hiyo moduli iliyokompailiwa kwa Hibernate 3 ilipokutana na Hibernate 4 ilitafuta fanksheni ambayo, kwa hesabu ya mashine, haikuwepo. Ubaya zaidi ni kwamba kosa la namna hii hujitokeza pale tu mwito wenyewe unapofikiwa, hivyo seva huweza kuwaka vizuri asubuhi na kuangusha ukurasa mchana, mbele ya muuguzi na mgonjwa.

Kukompaili upya moduli zote kungeondoa kosa upande mmoja na kulizalisha upande wa pili. Watengenezaji walichagua kuweka daraja: ndani ya kiini iliongezwa aina mpya iitwayo DbSessionFactory, ambayo moduli huielekea badala ya kuielekea Hibernate moja kwa moja, na ambayo hurudisha DbSession, aina inayomilikiwa na OpenMRS yenyewe na isiyobadilika Hibernate inapobadilika. Uamuzi wenye busara kuliko yote ulikuwa kwamba daraja hilo halikusubiri toleo la 2.0, bali liliwekwa kwanza katika mfululizo wa 1, hata moduli iliyorekebishwa mara moja ikaweza kufanya kazi chini ya kiini cha zamani na kiini kipya.

Thamani ya mpangilio huo huonekana mtu akizingatia mahali mifumo hii inapowekwa. Programu inayokaa katika seva moja ya wingu, yaani mashine inayokodiwa na kufikiwa kwa intaneti, huhamishwa kwa usiku mmoja kwa watumiaji wote. Lakini ikiwa vituo vilivyotapakaa kando ya barabara ya Arusha–Moshi, kutoka Tengeru kupita Usa River hadi Kikatiti, kila kimoja kingekuwa na seva yake chumbani, hakuna siku moja ambayo vyote vingeboreshwa kwa pamoja, na moduli isiyovumilia matoleo mawili ingeviacha baadhi nyuma.

Daraja hilo, hata hivyo, lilikuwa na tundu. DbSession iliendelea kuruhusu aina za Hibernate zenyewe kupita, hasa Criteria, inayotumika kuunda maswali ya hifadhidata, na moduli nyingi zikaendelea kuishika. Hibernate 5.2 ilitangaza mwaka 2016 kuwa njia hiyo imepitwa na wakati, na Hibernate 6, iliyotoka mwaka 2022, ikaiondoa kabisa, kiasi kwamba moduli zilizoandika maswali yake kwa Criteria hulazimika kuandikwa upya kabla ya kiini kuhamia huko.