Nasaba kama Utanzu: Ukoo wa Northcote na Masimulizi ya Abagusii

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuisoma Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kama kazi ya sanaa, ijapokuwa uti wa mgongo wake ni nasaba ya watawala wa Usambara. Ni nadra kuvitazama kwa jicho hilo vitabu vya nasaba vya makabaila wa Uingereza, kama vile Burke's Peerage kilichoanza kuchapishwa mwaka 1826. Vitabu hivyo huchukuliwa kuwa orodha tu, mahali pa kuthibitishia tarehe. Makala haya yanashikilia kwamba nasaba hizo nazo ni utanzu wenye msuko, na kwamba msuko wake hudhihirika zaidi zikisomewa Suneka, katika nchi ya Abanchari, kilomita chache kutoka mji wa Kisii.

Mnamo Januari 1908, Otenyo, kijana wa Kitutu, alimchoma mkuki Geoffry Alexander Stafford Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Masimulizi yanasema aliyemtia Otenyo ari ni Moraa Ng'iti, mwaguzi. Northcote alipona. Askari wa King's African Rifles walitumwa, wakaua watu, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe.

Huyu Nyarigoti alikuwa nani? Babu yake, Sir Stafford Northcote, alikuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza kuanzia 1874 hadi 1880, na mwaka 1885 akatunukiwa cheo cha Earl wa Iddesleigh. Ami yake, Henry, alikuwa Gavana wa Bombay, kisha Gavana Mkuu wa Australia hadi 1908, mwaka ule ule wa mkuki. Baba yake, Arthur, alikuwa kasisi. Hapo ndipo penye fundo la kisa. Kwa desturi ya makabaila hao, cheo na shamba la ukoo humwendea kifunguamimba. Wadogo zake hutafuta riziki kanisani, jeshini au makoloni, na watoto wa wadogo hao huenda mbali zaidi. Nasaba haituambii hivyo waziwazi. Hupanga majina tu, tawi chini ya tawi. Lakini msomaji akiyafuata matawi ya pembeni atakuta kwamba ramani ya dola ya Kiingereza imechorwa humo na watu wasio na urithi.

Kuna kinaya kingine. Babu huyo ndiye aliyeandika pamoja na Charles Trevelyan ripoti ya 1854 iliyopendekeza kazi za serikali zitolewe kwa mitihani, si kwa kujuana. Hata hivyo utumishi wa makoloni ya Afrika, alimoingia mjukuu wake, uliendelea kwa miaka mingi kuchagua watu kwa mahojiano na barua za kuwasifu, na shule na ukoo vilikuwa na uzito wake.

Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni, aliandika kulalamikia wingi wa Abagusii waliouawa. Yeye pia alikuwa mjukuu wa kabaila kupitia mwana asiye kifunguamimba. Baba yake, Lord Randolph, ndiye aliyemsumbua mzee Stafford Northcote bungeni katika miaka ya 1880. Sidai kwamba uhasama huo uliongoza kalamu ya Churchill. Ushahidi wa dai hilo sina. Ninachosema ni kwamba jamaa hizi zilijuana vizuri kuliko zilivyowajua watu waliokuwa wakifa Kitutu.

Tugeukie upande wa pili. Nasaba ya Abagusii huhesabiwa kwa wanaume, lakini hugawanyika kwa wanawake: watoto wa baba mmoja hutengana kwa enyomba, yaani nyumba ya mama, na riiga, neno la ukoo mdogo, asili yake ni jiko. Mama ndiye kiungio cha mti. Katika kitabu cha makabaila mke huingia kama binti wa fulani, na tawi halipati jina lake.

Otenyo mwenyewe huandikwa Nyamaturi mahali pamoja na Nyamaterere mahali pengine. Udugu wake na Moraa nao hubadilika kwa kila msimulizi. Wapo wahakiki watakaofurahia jambo hili, wakisema ndio uhai wa fasihi simulizi. Mimi sikubali upesi hivyo. Baadhi ya utofauti huu ni sanaa, ndiyo. Lakini sehemu yake ni matokeo ya boma lililohesabu mifugo bila kujali kuandika mtu ni mwana wa nani.

Jambo hili si la darasani tu. Masimulizi yanashikilia kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na Richard Meinertzhagen mwaka 1905, zilirejeshwa Kenya kutoka kwa mwana wa muuaji. Ziliweza kufuatwa kwa sababu ukoo ule ulijulikana hadi mlangoni. Fuvu likipatikana katika sanduku la jumba fulani, anayelidai ataulizwa nasaba, na nasaba atakayotoa ni ya mdomo.

Northcote alipanda hadi kuwa Gavana wa Guyana na baadaye wa Hong Kong, ambako chuo cha ualimu kiliwahi kubeba jina lake. Niliwasomea wazee wachache wa Suneka mti huo wote, nikidhani utawashangaza. Mmoja alisikiliza hadi mwisho, akauliza: “Mwalimu, na mama yake Nyarigoti alitoka nyumba gani?” Nilitazama karatasi yangu. Nilikuwa nimenakili babu, baba na ami.