Santuri za Mwenda Jean Bosco: Kuzisikiliza na Kuzitunza

Waalimu wenzangu, tunapotaja hazina ya Kiswahili, aghalabu fikira zetu huelekea vitabuni: tenzi, riwaya, kamusi. Ni nadra kumsikia mwalimu akitaja santuri. Hali kiko Kiswahili kingi cha karne iliyopita ambacho hakikupata kuandikwa kitabuni. Kilichorwa katika mifereji ya santuri, na humo ndimo kilimo hata leo.

Tumtazame Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukatolewa kwa santuri ya Gallotone, kutoka Afrika Kusini. Sifa alizomiminiwa tangu hapo zilihusu zaidi vidole vyake, jinsi gitaa moja lilivyosikika kama mawili. David Rycroft alilichambua gitaa hilo kwa noti katika jarida la African Music, 1961 na 1962. Kazi njema. Na maneno je? Hayo yalikuwa haki yetu sisi, nasi tumeyapita, kwa kuwa baadhi yetu wamezoea kukiita Kiswahili cha Katanga kibovu. La hasha! Mtu wa huko asemaye "batoto" hakukosea "watoto". Ametumia kiambishi kilichomo katika Kiluba na Kibemba, lugha za majirani zake na za wenziwe wa migodini. Asiyetaka kukisikia Kiswahili hicho asidai kwamba anafundisha historia ya lugha hii.

Umbo la santuri nalo lina hukumu yake. Santuri ya inchi 10, ya mizunguko 78 kwa dakika, huchukua kama dakika tatu upande mmoja. Siti binti Saad na wenzake, waliorekodi Bombay mwaka 1928, walibanwa na kipimo hicho hicho, na kwa maoni yangu taarabu ilipunjwa, maana imezoea kujinyosha usiku kucha. Mwenda alifaidika. Gitaa laingia, sauti yafuata, na neno lisilo na kazi halina mahali pa kukaa.

Lakini nani atazisikiliza zikiharibika? Santuri hizo za kale si za plastiki. Zilifanywa kwa unga wa mawe na gundi itokanayo na mdudu. Zikianguka huvunjika kama sahani ya udongo, na zikisuguliwa kwa spiriti huyeyuka uso. Zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, kwa kuufuata mviringo wa mifereji. Zile za plastiki, zilizoenea baada ya 1948, hazivunjiki upesi, ila joto huzikunja. Kwa hiyo zisiwekwe dirishani wala juu ya redio. Zote zisimamishwe wima kama vitabu, kila moja katika mfuko wake, zishikwe ukingoni, kwani mafuta ya vidole hunasa vumbi. Sindano pia si moja. Mifereji ya mizunguko 78 ni mipana, yataka sindano nene kuliko ile ya plastiki. Na santuri ya plastiki ikipigwa kwa sindano ya chuma ya gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, hulimwa kama shamba.

Maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 huhifadhi alizozirekodi yeye. Santuri nyingine za miji yetu hazikupita mikononi mwake, nazo zimo makabatini mwa wazee, chini ya magazeti. Mwalimu aziombe kwa adabu, azipige darasani, na wanafunzi waandike wasikiavyo bila kusahihisha: wakisikia "batoto", waandike "batoto". Tena waanze na upande wa pili, ule ambao haukupendwa sana zamani. Huo ndio ambao sindano haikuula, na maneno yake husikika safi.